Ramani Niliyochora Jikoni

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa mwingine ukiwa umeongezwa chumvi: mimi, ambaye kwa miaka kumi na tisa ya kukaa Ubelgiji sijafika hata baharini Ostende, nilimchorea mtoto wa watu ramani ya Yerusalemu.

Niliichora jikoni kwangu, hapa Auderghem, Brussels, kwenye karatasi ya patroni ya kukatia nguo, kwa penseli ileile ninayochorea makwapa ya blauzi. Mimi ni fundi cherehani wa nyumbani. Watu huniletea suruali ndefu nikazifupisha, sketi zinazobana nikazilegeza, na kazi yote hiyo naifanya bila kuvuka kizingiti. Cherehani iko sebuleni, nyuma ya cherehani kuna kochi, nyuma ya kochi kuna kitanda. Safari zangu za dunia ni hizo. Ndugu zangu wakipiga simu kutoka Lubumbashi kuniuliza Ulaya ikoje leo, nainua pazia kidogo nawaambia: inanyesha.

Kabla sijakata suruali ya mtu napima mara mbili. Yerusalemu sikuipima hata mara moja.

Chanzo cha yote ni goti. Goti langu la kulia, la mguu unaokanyaga pedali, lilikuwa limevimba tangu Pasaka, na daktari kule Woluwe alishaniambia kwa upole kwamba mwezi wa tisa litapasuliwa. Niliitikia kwa kichwa, nikatoka, nikapanda basi, na ndani ya basi nikaamua kwamba halitapasuliwa. Nilikuwa nangoja tu mtu anipe sababu.

Sababu ikaja kwenye kikundi chetu cha maombi, akina mama wa Katanga tunaosali Jumamosi karibu na Porte de Namur. Wao wanasali karibu na Porte de Namur. Mimi nasali nao kwa simu, kamera imezimwa, miguu iko juu ya mto. Mama mmoja akasimulia kwamba binamu yake alikwenda Yerusalemu, kwenye kanisa la kaburi la Bwana, na mlangoni tu pa kanisa hilo kuna jiwe refu ambalo watu wanasema ndipo mwili wa Yesu ulipolazwa ukapakwa manukato kabla ya kuzikwa. Mahujaji wanapiga magoti, wanasugua kitambaa juu ya jiwe, na kitambaa kinarudi nyumbani kikinukia. Huyo binamu alikifunga kwenye mgongo uliokuwa unamsumbua, na mgongo ukatii.

Nikawaza: kama mgongo umetii, goti ni nani likatae?

Sasa, ghorofa ya nne ya jengo letu anakaa mama mmoja wa Kiyahudi, miaka themanini na tatu, mzaliwa wa Lubumbashi kama mimi. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rodi, na baba yake aliuza vitambaa mjini kwetu. Tulijuana ndani ya lifti. Ilikuwa imekwama, nami nilikuwa naitukana kwa Kiswahili nikiamini niko salama, mara sauti nyuma yangu ikasema: «Usiitukane. Iko muzee kama miye.»

Kiswahili chake alikipata uani, kwa mpishi na yaya, kwa hiyo ni Kiswahili cha kuamrisha tu. Leta. Funga. Kuya. Ngoja. Hata akikupenda anakuamrisha: «Kula!» Siku moja nilimtania, nikamwambia, «Maman, Kiswahili yako haina s'il vous plaît, haina tafazali.» Akanijibu bila kupepesa macho: «Mupishi njo alinifundisha. Naye hakukuwa nayo.»

Kila siku saa tisa alasiri alikuwa anateremka kwangu kunywa kahawa. Ijumaa alikuja na sahani ya borekas, vile vikate vya jibini na biringanya ambavyo alivipika asubuhi kabla ya Sabato. Angekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, achukue suruali yoyote niliyoishona, apitishe kidole kwenye pindo, kisha aseme, «Baba yangu angekufukuza.» Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Alikuwa na mjukuu, msichana wa miaka kumi na sita, aliyemlea mwenyewe tangu akiwa na mitatu. Yule mtoto alimwita bibi yake Nona, na mimi aliniita tantine, yaani shangazi. Mwezi wa saba uliopita alikuwa aende Yerusalemu na kikundi cha vijana wa Kiyahudi wa Brussels, ishirini na wanne, wiki mbili. Miezi mitatu kabla, jengo zima lilikuwa linajua. Ilikuwa safari yake ya kwanza bila Nona, na aliiwekea akiba kwa kulea watoto wa majirani jioni baada ya jioni.

Kikundi kilituma karatasi ya masharti, na kwa kuwa macho ya mama hayapendi herufi ndogo, niliisoma mimi, kwa sauti, jikoni kwangu. Simu zinakusanywa asubuhi na kurudishwa jioni. Ndani ya mji wa kale watatembea watatu watatu. Atakayetoka kwenye kikundi bila ruhusa atapandishwa ndege ya kurudi. Sharti hilo la mwisho nililisoma mara mbili, kwa mkazo, huku nimemnyooshea yule mtoto kidole. Kikumbuke kidole hicho.

Siku moja kabla ya safari alikuja nimpunguzie gauni jeupe, la kuvaa Ijumaa jioni Sabato ikiingia. Nikamsimamisha juu ya kigoda, nikaanza kuzungusha pini kwenye pindo. Mtu aliyezungukwa na pini hawezi kukimbia. Hapo ndipo nilipomwomba.

«Kitambaa hiki tu,» nikamwambia. Kilikuwa leso nyeupe niliyoipinda mwenyewe kwa uzi wa bluu. «Unasugua mara tatu, unakunja, basi. Mutapewa saa moja ya kununua zawadi, si ndiyo? Kutoka pale ni dakika tano.»

«Dakika tano, tantine?»

«Tano.»

Mimi, ambaye kutoka mlangoni kwangu hadi kituo cha tramu natumia ishirini.

Akaitazama ramani. Nilikuwa nimeichora usiku uliotangulia nikitazama simu: mstari ulionyooka, kona, mstari, msalaba. Ilikuwa safi kama patroni ya mkono wa shati. Akauliza, «Na Nona anajua?»

Nikang'ata pini, nikasema, «Nona iko na presha. Tusimuchokeshe.»

Akacheka, akaikunja ramani, akaitia kwenye kiatu. Alikuwa mtoto wa kusaidia watu. Hilo nalo nilikuwa nalijua, na ndilo nililolitegemea.

Siku ya mji wa kale ilikuwa Ijumaa ya kwanza. Saa tisa kamili mama akateremka na sahani yake, akakaa mahali pake, akatoa kwenye mkoba ratiba ya safari iliyokunjwa mara nne. Kule wako mbele yetu kwa saa moja, na alikuwa ameshapiga hesabu yote kwa kalamu pembeni.

«Sasa wako kwa soko,» akasema. «Wananunua zawadi. Quatre heures et demie wote wanarudi kwa mulango ya muji. Cinq heures bisi inaenda.»

Saa kumi na moja ya kule, kumi ya kwetu, ikifika, basi lilikuwa haliwezi kungoja. Sabato ingeingia jua likizama, na kabla ya hapo vijana wote walitakiwa wawe wamefika hosteli, wameoga, wamevaa nyeupe. Dereva naye alikuwa na nyumba yake na mishumaa yake. Nilimimina kahawa, nusu ikaenda kwenye kisahani. Kichwani mwangu yule mtoto alikuwa anatembea juu ya mstari wangu wa penseli.

Saa tisa na nusu, saa yao ya kurudi mlangoni, ikapita. Saa tisa na dakika arobaini simu ya mama ikalia.

Kwenye simu masikio yake yanapata kelele, maneno hapana. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu: anabonyeza, ananipa. «Kamata. Sikia weye.»

Alikuwa msichana kiongozi wao, monitrice. Nilibonyeza spika kwa mazoea. Aliongea kama mtu anayekimbia na hataki usikie pumzi yake. Nyuma yake watoto walikuwa wanajihesabu. Kila mmoja alikuwa na nambari yake, na kila walipokusanyika waliziita wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa kelele, ili kiongozi asihesabu vichwa. Wa kwetu alikuwa dix-sept, kumi na saba. Jumatano jioni alinitumia ujumbe akijisifu kwamba hakuna anayepiga kelele kumshinda.

«...quatorze! Quinze! Seize!»

Upepo tu ukapuliza kwenye simu.

«Dix-huit,» akasema wa kumi na nane, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

Mama alikuwa hapati maneno, lakini nambari zilipigiwa kelele, na nambari alizipata. Akaweka kikombe chini.

«Dix-sept iko wapi?»

Monitrice akaeleza upesi, kwa Kifaransa. Msichana amechelewa dakika kumi. Wenzake wawili wanasema aliwaambia anarudi dukani kuchukua kitu. Dukani hayupo. Labda si jambo, ila anauliza tu: je, aliwahi kutaja mahali alipotaka kwenda?

Hapa unategemea niseme. Mimi pia nilitegemea niseme. Nilifungua mdomo, nikaisikia sauti yangu ikitoka kwa Kifaransa safi cha shuleni, bila kosa hata moja: «Hapana, madame. Hatujui lolote.»

Hatujui. Sikutosheka kudanganya peke yangu, nikamchukua na mama wa watu.

«Anasema nini?» mama akauliza simu ilipokatika.

«Iko nachelewa kidogo, Maman. Batoto ba leo. Pengine ameona viatu.»

«Viatu gani? Iko na viatu.»

Nikainuka kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Nilikuwa najiambia: atatokea. Mpe dakika mbili. Akitokea sasa hivi, atakaripiwa kwa kuchelewa, basi, na hakuna atakayejua. Nikisema sasa, nimemfukuzisha safari yake kwa mdomo wangu. Angalia jinsi nilivyojigeuza mtetezi wa mtoto! Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa uso uliokaa dirishani. Saa ya oveni ikabadilika. Nikampa dakika mbili nyingine.

Nikachomoa simu yangu, nikaificha nyuma ya kichanja cha sahani, nikaifungua ile ramani ya Yerusalemu, na safari hii nikaikuza. Ndipo nikaona. Mstari wangu ulionyooka ulikuwa ngazi. Kona yangu ilikuwa soko lililoezekwa, vichochoro kama nyuzi zilizojisokota chini ya cherehani, hujui wa juu ni upi. Tena nikaona jambo jingine, ambalo lilinitoa jasho mpaka mgongoni: nilikuwa nimechora njia ya kwenda. Ya kurudi sikuchora. Haikunijia hata kidogo kwamba inahitajika. Mimi kurudi ndiyo kazi ninayoiweza. Maisha yangu yote narudi tu.

«Unaosha sahani mara ngapi?» mama akauliza.

«Iko na mafuta, Maman.»

«Haikukuwa na kitu.»

Simu ikalia tena saa kumi kasoro dakika tisa. Kiongozi alikuwa hafichi pumzi tena. Kiongozi mwenzake angewapeleka wengine kwenye basi saa ya kuondoka. Yeye angebaki na mlinzi wa kikundi. Vichochoroni kulikuwa kumejaa, umati mkubwa ulikuwa unapita, na sasa alikuwa anawapigia polisi, ila polisi wangeuliza waanzie wapi, na yeye hakuwa na pa kuwaambia.

Neno polisi ndilo lililonipasua. Nikasema yote, palepale, nikiwa nimesimama na taulo la sahani begani. Nilimtuma mimi. Kwenye kanisa la kaburi. Ana ramani kwenye kiatu, lakini ramani ni mbaya. Alikwenda kusugua leso.

«Kusugua nini?» kiongozi akauliza.

«Leso, madame. Kwenye jiwe. Kwa ajili ya goti.»

«Usikate simu,» akasema, nikasikia miguu yake ikianza kukimbia.

«Kuya hapa,» mama akasema. Alikuwa amesoma mgongo wangu. «Umesema maneno mingi. Sema na miye.»

Kwa hiyo nililazimika kusema mara ya pili, kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu kwa Kiswahili goti ni goti langu na mtoto ni mtoto wake. Nilipofika kwenye «Nona iko na presha» nilitaka kuruka, sikuruka.

Hakupiga kelele. Akanyoosha mkono, akavuta suruali ya mteja iliyokuwa imekunjwa juu ya meza, kazi niliyoimaliza asubuhi hiyo, akachukua kifumulio changu, akaanza kufumua pindo. Uzi kwa uzi. Kila uzi aliukata mahali pake. Sikuthubutu kumzuia.

Simu ilikuwa mezani kati yetu, spika wazi. Na hivyo ndivyo nilivyotembea Yerusalemu, mara yangu moja: kwa masikio, jikoni Auderghem. Nilisikia viatu vya kiongozi vikipiga mawe. Nilisikia mlinzi akisema pardon, pardon. Nilisikia mwuza duka akitangaza bei, kengele mbili zisizokubaliana, adhana ikitoka mbali, mtoto akilia, na kila kitu kikapita nyuma haraka. Halafu wimbo. Sauti nyingi za wanaume, nzito, za taratibu, za Kilatini, zikawa zinakuja mpaka zikajaa jikoni. Kila Ijumaa alasiri mapadre hupita na msalaba kwenye vichochoro hivyohivyo, na umati unawafuata. Simu yangu ilinionyesha vichochoro, mapadre haikunionyesha.

«Siwezi kupita,» kiongozi alikuwa anasema, kwetu au kwa mlinzi. «Siwezi kupita, wamejaa ukuta hadi ukuta.» Nikamwona yule mtoto wangu ndani ya umati huo, kimo chake kile kidogo, uso umebanwa kwenye migongo ya watu, leso mkononi. Wimbo ukaendelea. Kiongozi akaita jina la msichana mara moja, mbili, na wimbo ukalimeza.

Halafu simu ikafa.

«Imekatika?» mama akauliza bila kuinua macho.

«Imekatika, Maman. Pengine ameingia mule ndani. Kuta ni nene.»

Saa kumi kamili. Kule, basi lilikuwa linaondoka bila dix-sept. Mama akamaliza mguu mmoja wa suruali, akageuza mguu wa pili. Borekas zilikuwa kwenye sahani, hakuna aliyezigusa. Nilitaka kusali, nikagundua kwamba sijui nisali vipi na mtu huyo amekaa mbele yangu. Nilikuwa nimeshasali vya kutosha, sala yangu ndiyo iliyotufikisha pale. Saa kumi na dakika tano. Kumi na kumi. Mtu akagonga mlango kuulizia sketi yake, nikamfukuza kama mwizi.

Saa kumi na dakika kumi na sita simu ikalia, na kabla sijaigusa mama alishaibonyeza mwenyewe.

«Amepatikana,» kiongozi akasema.

Alimkuta uani mwa kanisa, amekaa kwenye ngazi kando ya mlango, amekumbatia magoti. Kufika alifika, baada ya kubanwa na umati muda mrefu. Akapanga foleni na wanawake waliopiga magoti, akasugua. Alipotoka akaanza kurudi, akapotea, akajaribu kichochoro kingine, akapotea tena. Mara ya tatu aliporudi palepale uani, akakumbuka jambo aliloambiwa na bibi yake tangu akiwa mdogo, kila walipokwenda sokoni: akipotea akae palepale, asitembee. Akakaa.

Nona alikuwa amemfundisha kukaa. Tantine alikuwa amemfundisha kwenda. Mimi!

Kiongozi akampa simu. Tulisikia kwanza kamasi, kisha ile sauti kubwa kuliko zote, ambayo sasa ilikuwa ndogo.

«Tantine? C'est fait. Mara tatu, kama ulisema.»

Mama akainyakua simu, akaiweka mdomoni kabisa, akapiga kelele Kifaransa na lugha ya nyumbani kwao ya Rodi vikichanganyika, nikapata neno moja tu, Nona, Nona, Nona, la mtoto upande wa pili. Alipokata, akaifuta simu kwa pindo alilofumua, akaitia kwenye mkoba. Akakusanya vipande vyote vya uzi, akavifanya kifurushi, akaviweka kwenye kisahani changu.

«Kanisa hapana mambo,» akasema. «Miye nilisoma kwa masista miaka sita, kule Lubumbashi. Najua kanisa.» Akanyoosha kidole kwenye saa ya oveni. «Ile. Onze minutes, dakika kumi na moja. Ulikuwa unajua, na mimi nakaa hapa nakunywa kafe yako. Onze minutes niliangalia mugongo yako.»

Akachukua sahani yake ya borekas, yote, akaondoka nayo.

Sabato ikaingia kule, simu zikazimwa, na kwa hiyo kesi ya yule mtoto ikalala hadi Jumamosi jioni bila hukumu: anabaki au anapandishwa ndege? Sikulala. Niliandika barua kwa Kifaransa, kurasa mbili, kwa viongozi wa kikundi, kwamba kosa ni la fundi cherehani mtu mzima na si la mtoto. Nikaipiga picha, nikaituma kwa simu ya kiongozi, nikajua ataisoma Sabato ikitoka. Alinijibu mstari mmoja: tumepokea. Jumapili nikapata habari kutoka kwa mtoto mwenyewe. Amebakishwa. Lakini wenzake walipoteremka kwenda Bahari ya Chumvi kuelea kama vizibo, yeye alibaki hosteli anamenya viazi. Akaniandikia: «Usijali tantine, najua sasa kumenya.» Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Mama hakuteremka siku tisa. Nilikuwa nasikia lifti saa tisa, natengeneza kahawa ya watu wawili, lifti inapita. Kazi yangu nzima ikaharibika, isipokuwa moja: mteja wa ile suruali alinikuta nimeipinda upya, na pindo jipya, lazima niseme, lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Siku ya nne nilifikiri kupanda ghorofa ya nne nikaombe msamaha. Lifti ilikuwa imekwama. Nikazitazama ngazi. Nikarudi ndani. Naandika hili ili unijue vizuri.

Siku ya kumi, alasiri, mlango ukagongwa. Walikuwa wamesimama wote wawili. Mtoto amechomwa na jua, pua inabanduka, anacheka. Akatanua mikono, akanikumbatia kabla sijajua niweke uso wangu wapi. Nyuma yake bibi yake, na sahani.

Wakaketi. Mtoto akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akaufungua juu ya meza, na jikoni ikanukia mara moja, harufu ya waridi na mafuta na kitu kingine cha zamani. Leso ilikuwa imepata rangi ya chai katikati. Kwenye pembe moja uzi wangu wa bluu ulikuwa umeanza kufumuka.

«Weka, tantine,» akasema. «Weka tuone.»

Sikuweza. Niliishika tu. Nikasema nilichokuwa nimekifanyia mazoezi siku tisa, kwamba nililitanguliza goti langu mbele ya mtoto wa mtu, na kwamba zile dakika kumi na moja sitajisamehe, na machozi yakaja, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikataka kuinuka niwatengenezee kahawa ili wasinione, goti likakataa, nikakaa tena kwa kishindo, leso kifuani kama bibi arusi.

Mama akanyoosha mkono, akaichukua leso, akapitisha kidole kwenye pindo hadi kwenye ile pembe iliyofumuka. Akainusa. Akanirudishia. Akasukuma sahani ya borekas mbele yangu, akanitazama goti, kisha uso, akasema:

«Ile goti haiko na ugonjwa, iko na uvivu. Siku ingine ukitaka kitu ya Yerusalema, simama, enda weye mwenyewe, na njia ya kurudia uichore mbele ya yote.»